Nafasi ya King'ora

Akiba haiozi. Wengi wakiisikia methali hii huwaza gunia la nafaka lililowekwa darini au nguo mpya iliyokunjwa sandukuni, vitu ambavyo mwenyewe anaweza kuvifungua, akavitazama, moyo wake ukatulia. Iko akiba nyingine iliyo ngumu zaidi kuitunza, nayo ni nafasi iliyoachwa wazi. Nafasi haina harufu wala uzito, na kila apitaye huidhania kitu kilichosahaulika. Yaliyompata mwanamke mmoja, fundi wa kompyuta katika mamlaka ya maji, yanatosha kumfundisha yeyote anayeona nafasi ya namna hiyo ni hasara tupu.

Wenzake walimwita Dada Fundi. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwembamba, mpole wa maneno, mwenye vidole vyepesi kama vya mfuma vitambaa. Alifanya kazi katika jengo la ghorofa tatu lenye kuta za kijivu, ambalo mvua ilikuwa imelichora michirizi myeusi kutoka paani hadi chini. Katika ghorofa ya chini, nyuma ya mlango wa chuma, ilikaa kompyuta kuu: makabati manne marefu yaliyovuma kutwa kucha kama mzinga wa nyuki. Chumba chenyewe kilikuwa na baridi kali, hata aliyeingia bila sweta alitoka akipiga chafya. Mashine hiyo ndiyo iliyotunza habari zote za mamlaka, tangu mabwawa na mabomba hadi majina ya wateja. Tena ndiyo iliyowalinda watu wa Bondeni.

Bondeni ulikuwa mtaa wa nyumba zilizobanana kando ya mto, chini ya bwawa kubwa. Huko ndiko Dada Fundi alikolelewa na shangazi yake baada ya baba na mama kumtoka angali mdogo. Shangazi hakujaliwa mtoto wa tumbo lake, akamlea huyu kama mboni ya jicho. Sasa alikuwa mzee, magoti yamechakaa, akitembea kwa magongo mawili kutoka kitandani hadi barazani na kurudi. Mara nyingi Dada Fundi alimsihi ahamie kwake, katika ghorofa ya nne, mbali na mto. Shangazi alicheka akasema ngazi za huko ni nyingi kuliko meno yaliyombakia, naye hataki kupanda kwa miguu mahali ambapo atashushwa kwa machela.

Watu wa Bondeni waliishi na mto kwa sababu walikiamini king'ora. Maji ya milimani yakizidi alama, king'ora kingelia, nao wangepata muda wa saa nzima kupanda juu kabla mafuriko hayajawafikia. Nyuma ya king'ora hicho palikuwa na programu tatu ndani ya kompyuta kuu. Ya kwanza ilipokea vipimo vya mito, ya pili ilipiga hesabu ya maji yanayokuja, na ya tatu ilitoa amri ya kupiga ving'ora. Hazikuwa na muda wa kupelekeana habari kwa zamu. Zote tatu ziliandika na kusoma katika kipande kimoja cha kumbukumbu ya mashine, mithili ya watu watatu wanaotumia ubao mmoja wa ukutani. Ubao huo ulipaswa kuwa mkubwa, mzima bila kukatika, tena uwe mahali palepale siku zote. Ndiyo maana ulitengwa tangu dakika mashine inapowashwa, kabla programu nyingine yoyote haijafumbua macho na kuanza kugombania nafasi.

Aliyeutenga alikuwa mzee mmoja, fundi mkuu wa zamani, ambaye ofisi nzima ilimpachika jina la Mzee Akiba. Mfukoni alikuwa na kalamu mbili, usoni miwani moja na begini nyingine, na hata siku za jua kali alikuja na miavuli miwili. Walimtania kwamba ana mkono wa birika, hata kumbukumbu ya kompyuta anaificha chini ya godoro. Alitabasamu tu. Kila mwaka kabla ya msimu wa mvua aliziamsha programu zile tatu kwa mkono wake, akazitazama zinavyofanya kazi, kisha akazilaza. Alipostaafu, alimwachia Dada Fundi funguo, mafaili na kiti chake. Kuhusu kipande kile, aliacha maelezo ya mstari mmoja katika faili la mipangilio, chini ya mstari wa kutenga: "Kimetengwa. Kisiguswe. Niulize mimi."

Miaka miwili baadaye alikuja Mkurugenzi mpya, mtu wa suti zilizonyooka na haraka nyingi. Wajumbe wa bodi walitaka taarifa ya mwaka, na programu ya taarifa ilichukua saa kumi na moja kumaliza kazi kwa kukosa nafasi. Mkurugenzi aliitisha kikao. Ukutani palionyeshwa mchoro wa kumbukumbu ya mashine, sehemu zinazotumika zimepakwa rangi. Katikati palikuwa na mraba mkubwa mweupe.

"Hapa anakaa nani?" akauliza Mkurugenzi.

Dada Fundi alieleza kwamba pametengwa kwa ajili ya tahadhari ya mafuriko.

"Mara ya mwisho pametumika lini?"

"Mto haujapita alama kwa miaka saba."

"Kwa hiyo tunamtunzia kitanda asiyelala, na anayefanya kazi analala sakafuni."

Watu wakacheka. Dada Fundi naye alitabasamu, kwa kuwa asiyecheka katika kicheko cha mkubwa huonekana ana neno moyoni. Kisha Mkurugenzi akauliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: programu hizo zikiamka, si zitaomba nafasi kama wengine? Dada Fundi hakuwa na jibu la hakika. Alihisi kwamba Mzee Akiba asingeufunga mlango namna ile bila sababu, lakini hisia haziandikwi kwenye fomu. Akapewa hadi Ijumaa athibitishe.

Namba ya Mzee Akiba ilikuwa katika simu yake. Ingemchukua dakika moja. Lakini miezi minane nyuma mke wa mzee yule alikuwa amefariki, na ofisi nzima ilikwenda kumpa pole isipokuwa yeye. Siku ya kwanza alikuwa na homa. Akasema atakwenda Jumamosi, Jumamosi ikawa na kazi, akasema atakwenda wiki ijayo. Wiki zilivyopita, deni la pole likageuka aibu, na aibu ikageuka ukuta. Atampigiaje leo mtu ambaye hakumfuta machozi, aanze kumuuliza habari za mashine? Mara mbili aliitazama ile namba na mara mbili akaiweka simu kifudifudi mezani.

Badala yake alifanya jaribio. Alhamisi asubuhi mashine ilizimwa na kuwashwa kwa ajili ya matengenezo ya kawaida, naye akaondoa ule mstari wa kutenga kabla haijawashwa. Mashine ilipoamka, aliziita programu za tahadhari. Zikaomba nafasi, zikapewa, zikafanya kazi bila kikwazo. Dada Fundi alishusha pumzi. Hakujiuliza kwamba mashine imetoka kuwashwa sasa hivi na kumbukumbu yote bado ni uwanja mtupu, hata mgeni wa mwisho angepata pa kukaa. Au pengine alijiuliza, akafyata ulimi wa moyo wake mwenyewe. Ijumaa alijaza fomu, akaandika kwamba hakuna athari iliyoonekana, akatia saini.

Taarifa ya mwaka ilitoka kwa saa nne badala ya kumi na moja. Mkurugenzi alimwandikia barua ya pongezi. Dada Fundi alimpelekea Shangazi barua hiyo, na Shangazi, ambaye hakujua kusoma, aliipangusa kwa upande wa kanga yake na kuiweka chini ya mto wa kulalia. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe ndiye anayekilinda king'ora.

Miezi mitatu ikapita. Kisha mvua ikaanza milimani. Ilinyesha siku tatu mfululizo, lakini mjini palikuwa na mawingu mepesi tu, na Bondeni jua lilitoka watu wakaanika mashuka. Siku ya nne, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mto wa juu ulipita alama. Programu ya kwanza iliamka kama ilivyofundishwa, ikaomba kipande chake. Kwenye skrini ya mwendeshaji wa zamu ukatokea mstari mmoja: kipande kilichoombwa hakipatikani.

Mwendeshaji alimpigia simu Dada Fundi, naye akashuka ngazi mbili mbili. Aliusoma ule mstari mara moja tu. Akaisimamisha programu ya taarifa papo hapo, iachie nafasi iliyokuwa ikiitumia. Nafasi ilirudi, lakini ilirudi vipandevipande. Kwa miezi mitatu programu nyingine ndogondogo zilikuwa zimejipenyeza humo, moja hapa na moja pale, kama vibanda katika kiwanja kisicho na mwenyewe. Akiba ile ingetosha ingekuwa nzima. Haikuwa nzima. Alijaribu kuziondoa moja moja, akagundua kwamba baadhi yake ni uti wa mgongo wa mfumo wenyewe. Ukiugusa, mashine yote inaanguka.

Njia ilibaki moja: kurudisha ule mstari wa kutenga, kuizima mashine yote na kuiwasha upya. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini na mbili, na haikuruhusiwa bila saini ya Mkurugenzi. Saa tano na dakika arobaini Dada Fundi alikuwa mlangoni kwake, akihema. Ndani walikaa wajumbe wa bodi. Mkurugenzi alitoka nje akauliza kama ana uhakika, kama hakuna njia nyingine, kama haiwezekani kungoja mapumziko ya mchana. Dada Fundi alimweleza. Akamweleza tena. Dakika tisa zilipita hapo kwenye korido, chini ya picha za wakurugenzi wa zamani, ndipo karatasi ikatiwa saini.

Mashine ikazimika. Ile sauti ya nyuki ikanyamaza, na chumba kikawa kimya kama kaburi. Sasa hapakuwa na la kufanya kwa mikono ila kupiga simu. Ving'ora havikuwa na swichi nyingine. Vilisikiliza amri ya programu ya tatu peke yake. Aliwapigia polisi, akampigia mwenyekiti wa mtaa, ambaye alitoka na kipaza sauti akapita njia moja akiwahimiza watu wapande juu. Watu walichungulia madirishani, wakatazama jua, wakamuuliza mbona king'ora kimenyamaza.

Shangazi hakupokea simu mara nne. Mara ya tano alipokea. Ilikuwa saa sita na dakika nane.

"Shangazi, toka nyumbani sasa hivi. Mto unakuja."

"Mto upi tena, mwanangu? Hapa jua linachoma."

"Mvua imenyesha huko juu. Mwite jirani akubebe."

"Jirani yuko kazini kwake, hapo barabarani. Tulishakubaliana, king'ora kikilia anakuja na pikipiki ananipakia. Kila mtu huku ana mtu wake." Shangazi alitulia kidogo, kama anayetega sikio. "Hakijalia bado."

"Hakitalia, Shangazi. Usikingoje."

"Kwa nini kisilie? Si wewe unakilinda?"

Mwendeshaji wa zamu, aliyekuwa amesimama karibu, aliinamisha uso. Dada Fundi alisema kwa sauti ya kilio, "Toka, nakuomba. Toka tu."

"Haya, usilie. Ngoja nitafute magongo yangu."

Simu ikakatika. Alimpigia jirani yule, lakini alikuwa njiani na abiria, hakusikia. Alipompigia tena, simu ya jirani haikupatikana kabisa.

Maji yalifika Bondeni saa sita na dakika kumi na tisa. King'ora kililia saa sita na dakika thelathini na moja. Waliokuwa wamekimbilia paani walikisikia kikilia juu ya maji, kwa sauti ileile waliyoizoea, kikiwahimiza watoke majumbani mwao.

Watu kumi na saba walikufa. Shangazi alikutwa hatua chache kutoka mlangoni, gongo moja lingali mkononi. Alikuwa ametii. Muda tu ndio uliomwangusha, na ule muda wa saa nzima uliokuwa haki yake ulikuwa umetumika jengoni, kati ya chumba cha mashine na korido ya Mkurugenzi.

Siku ya tatu ya msiba, Dada Fundi alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni kwake, macho makavu, hali hajala wala hasikii wanaozungumza naye. Mlango ulibishwa taratibu. Aliingia Mzee Akiba, amekonda, shati limemzidi mabega. Wanawake walimpisha, naye akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mkeka.

"Shikamoo, Mzee," Dada Fundi alisema bila kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana."

Kisha Dada Fundi akasema yale yaliyomkaba tangu siku ile.

"Sikuja kwako mama alipofariki."

"Najua."

"Niliona haya kukupigia. Namba ninayo. Niliishika simu mara mbili."

Mzee Akiba alivua miwani akaisugua kwa pindo la shati. Hakumwambia kwamba si kitu, kwa kuwa kilikuwa kitu. Alisema kwamba simu yake ilikuwa mezani siku zote, na tangu mkewe aondoke ilikuwa hailii mara nyingi. Angefurahi hata kwa swali la mashine. Kisha akairudisha miwani usoni.

"Na mimi nina langu," akasema. "Niliandika 'niulize mimi' kana kwamba nitasimama pale mlangoni milele. Ingenigharimu nusu saa kuandika sababu. Nilijiona mjanja kwamba jambo hilo nalijua peke yangu."

Hakukaa sana. Alipoondoka, Dada Fundi alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, hata wanawake wakamshika.

Tume iliundwa. Mkurugenzi alieleza kwamba hakutoa amri yoyote ya maandishi, aliuliza swali tu na mtaalamu akajibu. Jambo hilo lilikuwa kweli. Fomu ilikuwa na saini moja. Dada Fundi alipoulizwa kama ni yake, alikiri. Alipoulizwa kama alilazimishwa, alifikiri kidogo akajibu kwamba hapana, alichekwa tu. Mzee Akiba aliomba kusema, akaeleza kosa lake la mstari mmoja, lakini tume haikuwa na adhabu kwa mtu aliyekwisha kustaafu. Mkurugenzi alihamishiwa ofisi nyingine kwa cheo kilekile. Dada Fundi aliachishwa kazi, akapewa hadi mwisho wa mwezi akabidhi.

Hakupinga. Alitumia siku zilizobaki ndani ya chumba kile cha baridi. Mstari wa kutenga ulikuwa umekwisha rudi mahali pake. Chini yake aliandika mistari thelathini na miwili. Aliandika programu zinazotumia kipande kile ni zipi na kwa nini lazima kiwe kizima. Aliandika kwamba jaribio linalofanywa mashine ikiwa imetoka kuwashwa hudanganya, na kwamba kuizima na kuiwasha huchukua dakika arobaini na mbili wakati maji huchukua dakika hamsini na tisa. Maneno "niulize mimi" aliyafuta. Mstari wa mwisho ulikuwa na idadi ya watu, kumi na saba, bila maelezo.

Aliyerithi kiti chake, mwanamume mtulivu aliyetoka idara nyingine, alisoma yote mara mbili akiwa amesimama. Kisha akamuuliza, kwa adabu, kama kipande kile kisingeweza kupunguzwa japo robo, maana programu ya taarifa ilikuwa imerudi kwenye saa kumi na moja na ofisi ya juu imeanza kunung'unika.

Dada Fundi alimtazama. Hakumkasirikia, aliisikia sauti yake mwenyewe katika lile swali.

"Waache wanung'unike," alimjibu. "Hicho ni cha watu ambao leo hawakihitaji."

Alivaa sweta yake, akasaini kitabu cha wanaotoka, akamkabidhi mlinzi kitambulisho. Nje mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Nyuma yake, ndani ya mashine, ule mraba mweupe ulikaa wazi kama ulivyokaa miaka saba bila kupungua wala kuharibika, ukiwangoja wenye haki nao. Wale kumi na saba hawakuponzwa na nafasi kukaa muda mrefu bila kazi. Waliponzwa na mikono iliyochoka kuitunza kabla siku yake haijafika, kwani akiba haiozi.